Mkunjo wa Pili wa Baba Neema

Baba Neema,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, lakini hali yako naijua. Juzi tu nimetoka kupalilia kaburi. Sisi huku Nyasubi tupo. Nakuandikia kwa sababu binti yako amegundua kosa katika kazi yako, na nyumba hii imebishana mwezi mzima kama aliandike au aliache. Nataka ulisikie kwangu kwanza, maana kaka yako Masanja ameshaapa atakuja kutushtaki hapo kaburini.

Kosa lenyewe liko kwenye ramani yako ya ule mlima wa mawe ya chuma nje ya Geita, ile uliyoitundika sebuleni mahali ambapo wenzetu huweka picha ya harusi. Tulipoichora tulikuwa wajiolojia wawili wa ofisi moja, hatujaoana, tumepewa pikipiki moja na turubai linalovuja. Kazi yetu ilikuwa kupima jinsi matabaka ya mawe yalivyokunjwa zamani sana, nchi hii ilipobanwa mpaka ikainuka kuwa milima. Milima mirefu yenyewe imeshalika kwa mvua na jua. Yamebaki mawe yaliyopinda, na sisi tukawa tunapita jiwe hadi jiwe kuangalia limeelekea wapi na limeinama kiasi gani.

Dira ulishika wewe. Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba mawe ya chuma huvuta mshale wa dira, ila wewe ulizidi. Ulivua saa. Ulivua na mkanda, kwa sababu ya kile kichuma chake, ukapima huku suruali umeibana kwa kiwiko. Wachimbaji wadogo waliokuwa wakipita na sururu walisimama kutazama. Mmoja akaniuliza kama mgonjwa wangu anatumia dawa. Nikamwambia anatumia, ila hazimsaidii. Ulininunia mpaka jioni.

Na kwa kuwa hukuuamini mshale pale juu, ulishuka kwenye mashamba ya mihogo, mbali na mawe ya chuma, ambako mawe ya kawaida yanachungulia kidogo kwenye udongo. Huko ndiko ulikoona matabaka yanaanza kugeuka polepole kuelekea magharibi. Ukarudia kupima, yakageuka vilevile. Uliniita kwa sauti ambayo sikuisikia tena, hata siku aliyozaliwa Neema, unisamehe, lakini ndivyo.

"Nchi hii ilibanwa mara mbili," ulisema. "Kwanza kutoka huku. Halafu, baadaye sana, kutoka kule."

Hukuzungumza kingine mwaka ule. Ulipokuja kujitambulisha kwetu Mwadui, wazee wamekaa wanasubiri habari za mahari, wewe ukaomba mkeka. Ukausukuma ukutani mpaka ukajikunja, kisha ukausukuma kwa ubavu mpaka mikunjo yenyewe ikapinda. Mama yangu akauliza, "Huyu ni mkwe au fundi mikeka?" Baba alicheka mpaka akatoka nje, na nadhani ndipo ulipokubaliwa.

Basi, mkunjo wa pili ukawa wako. Ukausimulia mikutanoni, walimu wakaufundisha vyuoni, na vijana wa ofisini wakawa wanakuita Mzee Mkunjo. Neema alikua akiusikia kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura. Alipofika shahada ya uzamili hakuhangaika kutafuta mada. Alisema atatafuta umri wa mkunjo wa baba.

Njia ulimfundisha mwenyewe, hapa mezani, kabla hujaugua. Tafuta mshipa wa granaiti uliokunjwa pamoja na matabaka. Huo ulikuwepo kabla. Tafuta mwingine uliokatiza mikunjo wenyewe ukabaki umenyooka; huo ulikuja baadaye. Saga vipande vyake, toa zile chembe ngumu zinazotunza umri, zipeleke maabara. Mkunjo ulitokea kati ya umri huo na huo.

Akaenda na nyundo yako. Kule shambani akamkuta mama mmoja amechimbisha choo, na mawe ya shimoni yamerundikwa pembeni, meusi, mazito, yana mistari myekundu. Neema akayasogezea dira. Mshale ukayumba kama mtu aliyelewa.

Umeshaelewa, najua. Chuma kilikuwa chini ya miguu yako muda wote, kimefunikwa na udongo, kinauvuta mshale kidogo kidogo. Ulivua saa, ulivua mkanda, ukasimama juu yake.

Neema aliacha dira, akatumia hivi vifaa vya satelaiti ambavyo sisi hatukuwa navyo. Alichomeka vijiti kwenye tabaka lilelile, kimoja hapa, kingine mbali kule, akasoma mahali pa kila kimoja, akaunganisha. Tabaka limenyooka. Haligeuki magharibi wala popote.

Alirudi nyumbani akakaa jikoni na mabuti yake. "Mama," akasema, "mkunjo wa baba haupo."

Nilimwambia amechoka, ale kwanza. Akasema ameshakula. Wiki iliyofuata nikaenda naye, na magoti yangu haya, nikachomeka vijiti kwa mkono wangu. Haupo, Baba Neema.

Nilitaka anyamaze. Nakuambia wazi, maana wewe sikufichi kitu. Angeweza kubadili mada. Mawe ya Geita hayaishi, na nani angekwenda kuchungulia choo cha watu? Jina lako lingebaki pale lilipo. Masanja alipokuja kutoka Shinyanga kuleta karanga, nikamweleza nikitegemea aniunge mkono, na aliniunga mkono kupita nilivyotaka.

"Mayu," alimwambia Neema, akimwita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, kwa upole kabisa, "marehemu hasemwi."

"Shikamoo yako iko palepale, baba mkubwa," Neema akajibu. "Lakini simsemi. Nasema mawe yameelekea wapi."

"Hayupo wa kujitetea. Mtoto anamvua baba yake nguo mbele ya wageni, halafu anaitwa msomi?"

Neema alikwenda chumbani, na kupitia mlangoni nilimsikia analia. Masanja aliondoka bila kunywa chai. Kwa siku kadhaa mtoto hakuandika chochote, na mimi sikumhimiza.

Tangu tukuzike, kila anayeingia hapa anakusifu. Mpole, mcha Mungu, mtu wa watu. Mkuu wako wa kazi, ambaye mlikuwa hamsalimiani, alisimama msibani akasema hukuwahi kumkwaza mtu. Nami nimeitikia, ndiyo, ndiyo, kweli kabisa. Ni heshima, siikatai. Ila wamekusifu mpaka nikaanza kukusahau. Yule wanayemsema simjui. Sikuwahi kulala naye kitanda kimoja wala kugombana naye kwa ajili ya pikipiki.

Jumapili tumetoka kanisani, nikawa natoa vyombo sebuleni. Neema alikuwa amesimama mbele ya ramani, bado amevaa nguo za ibada, mkono kiunoni, kidole kwenye yale mashamba ya mihogo.

"Lakini baba," anasema, tena kwa hasira, "kwa nini hukuchimba hata kidogo? Jembe lilikuwepo. Ungeazima. Wewe si ndiye uliyenifundisha nisiamini nisichokigusa?"

Nikasimama na sufuria mkononi. Alikuwa hatanii. Alikuwa anakugombeza kama mtu aliyeketi hapo kwenye kochi, na alinyamaza kidogo, kama anavyonyamaza mtu ili mwenzake apate nafasi.

Nikamwambia akuandike. Jina lako lote, ulichopima, ulipokosea, na jinsi kosa lilivyojulikana. Asikupunguzie. Akaniuliza, "Na baba mkubwa?" Nikasema Masanja niachie mimi.

Ameanza kuandika. Sijui wasomi watamwambia nini, na mada yake itabidi aijenge upya. Hilo ni lake. La kwangu ni dogo, naona hata haya kulisema kwa umri huu: alipokwisha kukubishia pale mbele ya ramani, na sebule ikawa kimya, mimi nilisubiri ujibu.

Mkeo,
Mama Neema