Masoko Kumi na Manne Niliyoyafuta

Shangazi,

Nimefaulu. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu nakujua, usingekuwa na subira ya kusoma mengine. Alhamisi nilitetea kazi yangu ya takwimu chuoni Goma, na ukuta wako wa jikoni kule kijijini Mushaki ulisomwa mbele ya maprofesa.

Kila siku ya soko ulirudi ukaandika kwa makaa, juu ya mbao za ukuta, tarehe na bei ya kopo la maharagi, kabla hata ya kuvua viatu. Baba alinung'unika kwamba dada yake anachafua nyumba. Ulipofariki wakataka kuzipaka rangi mbao zile kwa ajili ya wageni wa matanga. Nililia hadi wakaniacha nizinakili kwanza. Miaka saba ya masoko, Shangazi!

Nilitaka kujua jambo moja: anayenunua leo na kuuza soko lijalo hupata au hupoteza asilimia ngapi, na makisio hayo tuyaamini kiasi gani. Hesabu ilikubali, isipokuwa masoko kumi na manne ambayo bei iliruka au kuporomoka vibaya. Nikasema shangazi alichoka, mkono uliteleza. Nikayafuta. Mchoro ukatoka na umbo zuri la kengele, kama wa vitabuni, nami nikajiona mtaalamu.

Kisha nikapanda Mushaki kumwonyesha Papa Bahati, dereva aliyekubebea magunia. Alitazama tarehe nilizofuta, akacheka hadi akakaa chini. "Hii njo siku daraja ilianguka. Hii, tulilala mu matope siku tatu. Shangazi yako hakukosa hata mara moya."

Niliona haya, halafu nikacheka naye. Nikayarudisha yote. Kengele nikaiacha, nikachukua mchoro wenye mikia minene, unaokubali kwamba siku za ajabu ni nyingi kuliko tunavyopenda, na kwamba ikija moja huja na ndugu zake. Ila mipaka ya makisio yangu ilipanuka mno. Niliogopa: nani atampa diploma mtu anayekiri hana uhakika?

Profesa mmoja aliuliza hivyo hivyo, kwa nini mipaka mipana namna hii. Nikakukumbuka ukiulizwa bei ya Jumamosi, unavyofungua mikono yote miwili: "Toka hapa mupaka hapa." Nikafungua mikono yangu. Wakacheka, kisha wakanipa alama ambayo Baba bado anaitangaza njiani.

Mwezi ujao nitaanza kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nakuahidi, hakuna atakayefuta namba darasani kwangu kabla ya kwenda kumwuliza aliyeiandika. Mimi nilikula jikoni mwako miaka yote ile, nimeegemea namba zako, na sikukuuliza hata moja.

Pumzika, Shangazi. Nakupenda.

Mtoto wa kaka yako,
Neema