Dawa ya Baba Uliyoikataza

Lupaso, Masasi

Kaka Oscar,

Shikamoo. Korosho zimeanza kudondoka, lakini nani aokote? Nashinda na Baba.

Ulipiga simu ukakataza asipewe mofini, eti atakuwa teja. Nikakutii. Wiki nzima Baba aliuma shuka kwa maumivu ya saratani, nawe uko Dar!

Daktari alinieleza: atasinzia siku za mwanzo, atafunga choo, na dawa ya kulainisha choo ipo. Teja hawi. Nikamuuliza Baba mwenyewe, maana wewe hukumuuliza.

"Mwambie Oscar aje aumwe yeye," akasema.

Nikampa. Jana alikaa kibarazani, akanigombeza kwamba sijui kupepeta kunde.

Hatapona, Kaka. Hasira yangu haijapoa, lakini njoo akugombeze na wewe kabla hajanyamaza.

Mdogo wako,
Selestina