Mguu Umepona, Mwoga Ni Mimi

Buhongwa, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua barua hii itakukuta umekaa jikoni karibu na moto, maana baridi ya Mbinga miezi hii haina huruma na mtu. Kifua kinaendeleaje? Ile dawa ya kupaka aliyokuletea Anna unaitumia, au umeiweka tu juu ya kabati? Kahawa mmeanza kuchuma? Sisi huku ni wazima, mimi, Masalu na mapacha wako, Kulwa na Doto. Ila mimi nimechoka, mama. Nakwambia mapema ili usije ukasikia kwa watu wengine ukaanza kuhangaika.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za kifua, ukanijibu kwamba mbuzi amezaa. Nilicheka, lakini nilipokata simu nililia kidogo. Anna, mdogo wangu, wewe unayesoma, soma polepole na kwa sauti, na usiruke mahali ninapomjibu mama.

Binamu Festo alipotoka huku alikuambia kwamba nilianguka barabarani nikabebwa kama mgonjwa mahututi. Kuanguka ni kweli. Ila yeye hakuwepo, na chumvi ameongeza ya kwake. Acha nikusimulie mwenyewe.

Unajua kwamba Jumamosi alfajiri huwa nakimbia na klabu ya jogingi ya mtaani kwetu. Tunatoka watu wengi, tunaimba, Nyanda mwenyekiti wetu yuko mbele na filimbi yake. Nafasi yangu ni nyuma kabisa, pamoja na Mama Nyamizi muuza dagaa, ambaye naye si mwembamba. Huko nyuma hata wimbo hatuusikii vizuri. Tunasikia pumzi zetu, na vijana wa bodaboda wakituita, "Bonge, panda tukusogeze!" Nimeshazoea. Lakini siku zile nilikuwa nimeanza kuwa mwepesi. Si mwili, ni miguu. Jumamosi moja nikajikuta katikati ya kundi, halafu mbele, hadi nikawa naona jasho linavyomtiririka Nyanda shingoni. Sijui nikuelezeje raha ile. Tulipoanza kupanda mwinuko, nikasikia kama mtu kanipiga jiwe nyuma ya mguu wa kulia, kwenye kigimbi. Niligeuka nione ni nani. Hakukuwa na mtu. Nilipokanyaga tena, mguu ukakataa kunibeba, nikaenda chini.

Nyanda alisimamisha bajaji. Wanaume wakanishika huku na huku kuniingiza, na mmoja wao akasema chinichini akidhani sisikii, "Na mwili wote huu, alikuwa anawahi wapi?" Mama, lile neno liliniuma kuliko hata mguu.

Hospitali waliniambia msuli umechanika, haujakatika, nipumzike. Nitapumzikaje? Cherehani yangu pale Mkuyuni ni ya kukanyaga kwa miguu, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa, vitambaa vya sare vimejaa hadi chini ya meza. Nilijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, mshono ukawa unakwenda kama nyoka. Nikawapeleka wateja wangu kwa fundi jirani, mmoja baada ya mwingine, huku natabasamu. Kisha nikakaa. Nilikaa mpaka gauni nililojishonea kwa mkono wangu likagoma kupita mabegani, na nilipokwenda kupimwa, presha ilikuwa imepanda.

Ndipo uliponiambia kwenye simu, na siku hiyo ulisikia vizuri sana: "Acha, Adela. Baba yako alikuwa na mwili kama huo wako, akadondoka na jembe mkononi. Sitaki kuzika mara ya pili." Siku ile nilikuaga tu nikakata simu. Leo nakujibu.

Daktari amenipima moyo, mama. Ameniambia kukimbia taratibu, kwa mpango, hakutaniua. Anachokiogopa ni hii presha inayopanda nikiwa nimekaa kwenye kiti. Hilo ni jibu la daktari. Langu ni hili. Unakumbuka nilipopata malaria kali nikiwa mdogo, baba akanibeba mgongoni hadi zahanati ya misheni? Alikimbia, mama, alikimbia njia nzima. Wewe ulikuwa nyuma unamwita akusubiri. Nakumbuka shati lake limelowa na upepo ukinipiga usoni. Mtu mnene vile, na wewe mwembamba hukumpata. Watu wanaponiambia mwili huu haukuumbwa kukimbia, namkumbuka yeye, aliyeniachia mwili huu.

Kwa hiyo nilirudi, lakini si kwa haraka. Hospitali kuna dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mpole wa sauti, mkali wa kazi. Alinifundisha kusimama kwenye ngazi kwa vidole, kuinua visigino na kuvishusha taratibu. Kila asubuhi nimeshika fremu ya mlango, nainuka na kushuka, chai inachemka, mapacha wananihesabia na kunidanganya ili nirudie. Baadaye akaniruhusu kutembea, kisha kutembea na kukimbia kidogo. Nikifunga kibanda cha cherehani jioni nashuka hadi ziwani, kwenye njia inayopita katikati ya mawe makubwa. Korongo, wale ndege wa miguu mirefu, wamesimama juu ya mawe wananitazama tu, hawana haraka. Hata mimi sikuwa nayo.

Kwa mwendo wa polepole nilikwenda vizuri. Shida ilikuja nilipotaka kuongeza mwendo. Kila nikijaribu, mguu unakaza, nasimama. Nikarudi kwa yule dada. Akaubonyeza huku na kule, akanitazama.

"Mama Kulwa, mguu umepona. Mwoga ni wewe sasa."

"Si kwa sababu ya uzito?"

"Uzito unaongeza mzigo kwenye kigimbi, hilo sikufichi. Ndiyo maana wewe tunakupeleka taratibu kuliko wengine. Sijasema hutafika."

Aliniambia nikimbie kwa kasi vipande vifupi tu, sehemu tambarare, halafu nitembee hadi pumzi irudi. Siku ya kwanza nilijaribu kwenye uwanja wa shule, nikazidisha, nikakimbia kama mtu aliyefungiwa miezi. Kigimbi kikanichoma. Masalu aliporudi alinikuta kizingitini na barafu mguuni.

"Wewe mwanamke, nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi pumzika. Mimi nakupenda hivyo hivyo ulivyo."

"Najua, Baba Kulwa. Sikimbii kwa sababu yako."

Aliingia ndani, na usiku ule alijipakulia chakula mwenyewe. Wiki zilizofuata nilikuwa naamka na kulala tena. Sikutaka kuona viatu. Mama Nyamizi ndiye aliyekuja kunigongea mlango. "Mdogo wangu, toka. Leo tunakimbia kutoka nguzo hii ya umeme hadi ile, halafu tunatembea. Ukisikia maumivu sema, tutasimama. Kwani kuna mtu anatukimbiza?" Tukaanza hivyo, nguzo kwa nguzo, asubuhi zingine tukiongea, zingine tukiwa kimya kwa uchovu. Kuna siku nilikwenda vizuri, kesho yake nikashindwa kabisa kukanyaga cherehani. Sikufichi, mama, mara nyingi nilijiuliza natafuta nini.

Jumamosi ya jana palikuwa na bonanza la klabu kule Igoma. Masalu aliniambia hatakuja, hataki kuona nikibebwa. Nikaenda na Mama Nyamizi. Tulikimbia pembeni ya barabara ya Musoma, tukageuza, tukaachwa na kila mtu, hata na mzee mwenye fimbo aliyekuwa anakwenda zake shambani. Jua likatoka. Tulipobakiza kipande cha mwisho kilichonyooka, Mama Nyamizi akashika kiuno.

"Mimi mwendo wangu ni huu huu. Wewe nenda."

"Nikiumia je?"

"Utatembea. Nenda."

Nikausikiliza mguu. Ulikuwa umenyamaza. Nikaongeza kidogo, nikaongeza tena. Mama, nilikuwa nakimbia huku mgongo umekakamaa, nasubiri lile jiwe linipige. Halikuja. Nikafungua hatua. Upepo nikaanza kuusikia masikioni. Na hapo pembeni ya barabara nikamwona Masalu, amesimama na sweta langu mkononi, mdomo wazi. Akaanza kukimbia sambamba nami kwa ndala zake.

"Punguza, mke wangu! Punguza!"

"Siwezi!"

Alijitahidi, maskini, mpaka ndala moja ikabaki nyuma. Akainama, mikono magotini. "Nenda," akasema akihema, "nenda, mimi nimeshindwa." Nikaenda.

Nilipofika, mgeni rasmi alikuwa amekwisha kuhutubia na kuondoka. Maji yameisha, medali zimeisha, vijana wanakunja maturubai. Nyanda peke yake ndiye aliyeniona, akapuliza filimbi kwa nguvu hadi watu wakageuka. Nilikaa chini kwenye vumbi nikajishika kigimbi kwa mikono miwili. Kilikuwa kinauma, lakini ni yale maumivu ya kazi, siyo yale mengine. Nililia mbele za watu bila aibu.

Leo kanisani nimeshindwa kupiga magoti, mwili wote unauma. Sijapungua hata kidogo, gauni lile bado halipiti. Kesho nina sare za kumaliza, na mguu sijui kama utavumilia hadi mwaka huu uishe. Lakini siachi, mama. Nakuomba jambo moja. Ukimwambia Anna aniandikie, usiniulize kama nimeacha kukimbia. Niulize mguu umeamkaje. Hilo nitakuwa na nguvu ya kulijibu kila siku.

Nisalimie baba mdogo, namwombea mgongo wake upone, na shangazi anayekaa nawe jioni. Wifi yangu mke wa kaka mwambie vitenge vyake nimevikata, nitavituma vikiisha. Jirani yetu wa ng'ambo ya bondeni, yule anayekuchotea maji, mpe asante yangu kwa mikono miwili. Festo naye msalimie, mwambie safari ijayo asimulie na hii ya Igoma. Mapacha wanakupigia magoti wanasema shikamoo bibi. Masalu amekaa hapa karibu, anashona kamba ya ndala, naye anakuamkia.

Ni mimi binti yako, ninayechechemea leo kwa uchovu tu,

Adela