Baba wa Kiwandani

3 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Mama. Mimi si mzima sana: kisu cha mashine ya kukata maboksi kimenikata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Anayeniandikia ni mgonjwa wa kitanda cha jirani. Msiwe na hofu. Baba wa kiwandani, yaani mwenye kiwanda, ambaye sote humwita hivyo, huja hospitalini kila jioni. Juzi alishika bakuli akanilisha uji mwenyewe. Amenishauri nimwambie mkaguzi wa kazi kwamba nilikuwa nikicheza, ili mambo yasiwe marefu. Sijapata kuona mtu mwenye huruma kama Baba huyu.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana kwa mkono wako. Mama yako amelia, mimi sijala. Nimeirudia barua yako nikitafuta ni Baba yupi aliye mimi. Huyo mwenye bakuli alikuwa wapi ulipougua surua, nikakubeba mgongoni hadi zahanati? Na kifuniko cha kisu kilikuwa wapi? Ulipokuja likizo ulituambia kwamba yeye ndiye aliyeamuru kifunguliwe ili kazi iende haraka. Ukisema ulikuwa ukicheza, utajinyima haki ya matibabu na fidia. Katibu wa chama cha wafanyakazi hapa kwetu amenieleza hivyo. Usimwite Baba tena. Nakukataza.

Baba yako wa pekee

14 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Homa imeshuka, namshukuru Mungu. Habari za nyumbani? Barua yako nilisomewa kwa sauti, wodi nzima ikacheka. Mzee wa kitanda cha dirishani akauliza kama wewe na mwenye kiwanda ni wake wenza. Baba, una wivu. Yeye ameahidi kunirudisha kazini, nikae getini, kazi isiyotaka vidole. Wewe unanipa nini zaidi ya makatazo? Mkaguzi anakuja Ijumaa ijayo. Nitasema nilikuwa nikicheza.

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyumbani hatujambo. Mwambie mzee wa dirishani kwamba hakukosea. Nina wivu, na ulinishika tangu likizo ile, ulipomsifu kila tulipoketi kula. Nikifikiria mtu mwingine akikupulizia uji, usingizi unaniruka. Lakini si wivu wangu uliokiondoa kifuniko. Basi sikiliza. Mwite Baba. Mwite asubuhi na jioni, mwite hata mbele yangu, nami sitanuna. Ila mkaguzi akikuuliza, mwambie nani aliamuru kifuniko kifunguliwe.

Mzazi wako

30 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Kidonda kinakauka, na hamu ya chakula imerudi. Nanyi mnaendeleaje? Nilimwambia mkaguzi ukweli. Mwenye kiwanda alikuwa amesimama kando ya kitanda. Nilipotaja kifuniko, aliniambia taratibu, "Mwanangu, fikiri vizuri." Nikamjibu, "Nimefikiri, bosi." Akatoka, na hajarudi. Sitakuficha: jioni ile niliutazama sana mlango.

Mkaguzi amepeleka dai langu, la matibabu, la fidia, na la mshahara wa muda wote nitakaokuwa nje ya kazi. Kifuniko kimerudishwa kwenye mashine. Mkaguzi mwenyewe ni mwanamke wa makamo, mpole mno. Hupita kunijulia hali, hunitandikia shuka vizuri, na sasa wodi nzima tunamwita Mama.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tu wazima, na leo nimekula nikashiba. Nakuja wiki ijayo kukuchukua uje upone nyumbani wakati dai likishughulikiwa. Mama yako alikuwa amesema atabaki kulinda nyumba. Nilimsomea barua yako, na nilipofika kwenye habari za shuka alisimama, akaenda chumbani. Nilidhani analia. Anafungasha nguo zake. Ameniagiza nikuandikie kwamba yeye ndiye atakayetangulia kuingia wodini.

Baba yako