Kilio cha Pili

Ikutha, 9 Machi 1978

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa baba. Je, huko Matiliku mvua imeanza?

Mimi si mzima sana. Jumanne mwalimu wetu, Sista Nzilani, aliniacha peke yangu wodi ya uzazi. Wanafunzi ni wengi na yeye ni mmoja. Mtoto akazaliwa vizuri. Nikamdunga mama sindano ya kukaza tumbo la uzazi, vile tulizoea kwenye mdoli wa mafunzo. Kumbe ndani kulikuwa na pacha wake. Tumbo likambana, akafia humo humo. Mdoli wetu huwa na mtoto mmoja tu, Mwaitu.

Tangu hapo nasikia mtoto akilia kwenye stoo ya mashuka, mchana, jua likiwaka. Nikifungua, ni mashuka tu. Nataka kurudi nyumbani.

Mtoto wako,
Ndinda

Matiliku, 30 Machi 1978

Ndinda mwanangu,

Hatujambo, ila baba yako anakohoa. Mvua bado. Unakula?

Tunakuombea. Lakini Sista umemwambia? Mwambie yote, hata hicho kilio. Mwambie hujui, akufundishe kwa mikono yake. Ukitoroka sasa, huyo mtoto utakuja naye hapa.

Mama yako

Matiliku, 18 Julai 1978

Ndinda,

Uko mzima? Mbuvi, yule muuza ng'ombe, alipita hapo hospitali akakuona umesimama mlango wa stoo, umeinama kama mtu anayeongea na mtoto. Akakuita, hukugeuka. Andika hata neno moja.

Mama yako

Ikutha, 6 Agosti 1978

Mwaitu,

Nisamehe kunyamaza. Niko salama, na nakula.

Sista nilimwambia. Hakucheka. Alishika mikono yangu akaiweka kwenye tumbo la kila mama aliyekuja kliniki. "Usiniambie unafikiri nini. Niambie unashika nini."

Jana alikuja kujifungua Kalunde, mama mmoja kutoka Kanyangi. Mtoto akatoka, akalia. Sista alikuwa amechoka. Akasema, "Dunga."

Nikasikia kilio kingine, kutoka stoo.

"Ngoja, Sista." Nikashika tumbo. Kulikuwa na kichwa.

Akazaliwa msichana mdogo, akilia kwa sauti ile ile ya stoo. Sista akaweka sindano chini, akakaa.

Leo nimefungua stoo. Kimya. Nimesimama pale mpaka wakaniita. Mwaitu, nilidhani kilio kikiisha nitafurahi.

Mtoto wako,
Ndinda