Ufunguo wa Gari Ndani ya Debe la Unga

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi maana roho yangu iko juu juu, mume wangu ni mwalimu wa udereva na gari letu kila asubuhi akiliwasha linalia kwarakwara mbele ya injini kisha linanyamaza, fundi alisikiliza mara moja tu akasema cheni ya taimingi, ile inayoendesha vali za injini, imelegea na tenshena, kile kidude cha kuikaza, imechoka, lakini mume wangu akanijia juu, "Mama Pacha, hili ni gari la cheni, si la mkanda! Cheni haibadilishwi mpaka gari life!" akamimina oili nzito kelele ipungue na siku hizi akiwasha tu anaongeza sauti ya redio, mimi hata kifuniko cha sufuria kikitikisika nashtuka, na Jumamosi anataka kutupeleka mimi, mapacha wetu na mama yangu mzazi kwenye harusi ya mdogo wangu, kupitia ule mteremko wa malori, basi jana nikaficha ufunguo ndani ya debe la unga, sasa anapekua nyumba nzima na kuwafokea watoto, na mimi namsaidia kutafuta, nifanyeje?

Mke Roho Juu

Mke Roho Juu, pole, halafu uone aibu. Watoto wanafokewa kwa kosa lako, na wewe umeinama chini ya kitanda eti unatafuta! Utoe ufunguo leo, ufute unga, umkabidhi mkononi na useme ni wewe uliyeuficha.

Ila hofu yako ni ya haki. Cheni hudumu kuliko mkanda, kweli, lakini nayo huchakaa na kurefuka kidogo kidogo, mpaka tenshena inafika mwisho wa kukaza. Cheni ikiruka meno ya gia zake, vali na pistoni zinagongana, injini inazima, breki na usukani vinakuwa vizito, na nyuma yenu kuna lori. Oili nzito inapunguza kelele tu, ugonjwa uko palepale.

Na usidhani mumeo hasikii. Asiyesikia kitu haongezi redio. Anaogopa kuonekana mwalimu aliyeshindwa na gari lake mwenyewe, kwa hiyo usimsute mbele ya mama mkwe wake. Mwite fundi asubuhi injini ikiwa baridi, afungue mfuniko wa injini, mumeo aione cheni kwa macho yake. Ibadilishwe pamoja na tenshena, na oili irudi ile inayotakiwa.

Harusini mwende kwa basi. Akigoma, mama na watoto hawapandi gari hilo, na usibembeleze. Akisema umeanza kumdharau, mjibu wazi: "Baba Pacha, nataka tuzeeke wote."