Watani wa Uwanja wa Matofali

Jane na Finch, Toronto
5 Mei 2024

Kwako mla mbwa Danstan Kihwele,

Salaam nyingi kama kokoto za uwanja wangu. Mimi mzima, goti tu linalialia. Dhumuni la barua ni kujua kama bado unapumua huko Richmond Hill au Wahehe wenzako wameshakuzika. Kama umekufa usijibu.

Simu sipigi. Niliikanyaga, ilikuwa inanijibu kwa Kiingereza.

Nakuita uwanjani Jumamosi ya tarehe nane Juni. Rugby ya watu kumi na watatu, ile ya wanaume. Mjukuu wangu Menas yuko mstari wa mbele, shingo kama gogo la mninga. Nasikia Atilio wako anachezea timu ya huko kwenu. Mlete avunjwe.

Uwanja huu unauona lakini huujui. Mimi nimeutunza kuliko meya yeyote. Kwanza palikuwa kiwanda cha matofali, ukuta ukawaangukia vibarua, waliofukuliwa wakafukuliwa, waliobaki wamo chini ya jukwaa la magharibi mpaka leo. Halafu pakawa pa ngumi, bondia mmoja alikufa amesimama, watu wakadhani anajivuna. Halafu wakaja Waingereza na rugby yao, jioni ile nikaokota meno kwenye nyasi kama mama anayeokota kunde. Na mistari yote naichora mimi kwa chokaa, bila kamba, kwa jicho tu, hakuna mwingine Kanada nzima anayeweza. Ardhi hii imezoea damu. Ya Kihehe tu haijaionja.

Njoo na maji yako, yangu sikupi.

Mtani wako,
Januari Komba, Mngoni mwenye uwanja


Richmond Hill
14 Mei 2024

Mkimbizi Komba,

Hujambo? Goti, mgongo, tumbo? Sisi huku wazima. Binti yangu anakusalimu ingawa nilimkataza.

Babu zako walimkimbia Shaka kutoka kusini mpaka Songea, wewe ukaongeza mbio mpaka Kanada, na leo unasema una uwanja. Wewe ni mfagizi, Komba. Mwenye uwanja ni jiji.

Nitakuja. Juzi Atilio aliniuliza kwa nini nikisoma barua yako ya matusi nacheka. Nikamwambia babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakakubaliana watukanane badala yake, ndiyo undugu wetu. Akasema, "Babu, that's crazy." Hawa waliozaliwa huku hawajui. Kwa hiyo Menas wako nawe mweleze vizuri, asije akadhani tunamaanisha.

Siku nikifa ni wewe utakayelala kaburini uwazuie wasinizike mpaka wakupe kuku. Kwa hiyo usitangulie.

Mtani wako,
Danstan


Jane na Finch
10 Juni 2024

Mla mbwa Kihwele,

Salaam. Hali sijui niiulizeje. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba.

Wewe uliondoka na gari la wagonjwa, hukuona yaliyofuata. Timu zote mbili ziliingiana mwilini, na jukwaa nalo likamwagika uwanjani. Kocha wetu Alireza kapasuliwa nyusi, damu ikamjaa sikioni. Mwamuzi alikimbilia chooni akajifungia. Shabiki wenu mmoja akanijia, nikamtandika na mti wa kibendera cha kona, akalala. Akaja mwenzake, naye akalala. Umri huu, mtani! Vijana walinitazama.

Lakini mchezo ni mchezo. Nilisimama kwenye mstari wangu nikakuita kule juu, "Leo Mhehe namzika humu!" Nawe ukasimama ukajibu, "Mzike kama una jembe!" Tukacheka wote wawili, usikatae. Ndipo nikamwambia Menas kwa sauti, "Huyo ni wetu tangu vita, mvunje shingo!" Si ndivyo tunavyosema? Nani hajui? Atilio akapokea mpira, Menas akamnyanyua miguu juu, akamshindilia kichwa chini kama mtu anayesimika nguzo.

Ule mlio niliusikia.

Niambie anaendeleaje. Na unitukane vizuri.

Mtani wako,
Januari


Richmond Hill
20 Juni 2024

Bwana Komba,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Sisi tunamshukuru Mungu.

Atilio amefanyiwa upasuaji wa shingo mara mbili. Chini ya kidevu hasogezi chochote. Anapumua kwa mashine na kulishwa kwa mrija. Akitaka kitu anafumba macho.

Nilikuomba umweleze Menas.

Ahsante kwa barua yako. Tafadhali usiniandikie tena.

Wako,
D. Kihwele


Jane na Finch
3 Julai 2024

Mla mbwa, mla mbwa, mla mbwa,

Bwana ndiyo nani? Tangu tujuane hujaniita bwana. Anayeniita bwana ni mwenye nyumba, na polisi. Barua yako nimeisoma nikatafuta tusi, nikaigeuza nyuma, hakuna. Afadhali ungekuja na panga.

Menas nilimuuliza, kwa nini umefanya vile? Akahangaika na Kiswahili chake, akasema, "Babu, wewe ulisema mvunje." Halafu akaupiga ukuta wa sebule ngumi mpaka mfupa ukatokeza. Damu iko pale ukutani. Mama yake anataka kuifuta, nimemkatalia.

Sikumweleza, ndiyo. Nilijua utani mtu anazaliwa nao kama pua. Nani amefundishwa pua? Kosa ni la nchi hii.

Uwanja wameufunga. Wanasema majukwaa yatabomolewa, wapandishe maghorofa. Mimi naingia kwa tundu la uzio. Pale alipoangukia nachora mstari kila asubuhi, mvua inaufuta, nachora tena.

Niite mkimbizi. Sema Wangoni tunakula panya. Sema chochote.

Mtani wako, utake usitake,
Januari


Jane na Finch
18 Agosti 2024

Kihwele,

Shikamoo nakupa, umeona tumefika wapi.

Nilikwenda hospitali. Muuguzi wa Kikongo, anaitwa Générose, akaniambia jina langu limekatazwa. Nikasukuma mlango. Walinzi wakanibeba mzobemzobe, nikamng'ata mmoja mkono, nikaacha jino langu humo. Nilipiga kelele korido nzima, "Atilio mla mbwa, amka!" ili anisikie.

Kama hakunisikia, mwambie.

Mtani wako,
Januari


Richmond Hill
29 Septemba 2024

Mkimbizi Komba,

Hali yako siulizi. Najua unaumwa goti na ukaidi.

Alikusikia. Akauliza kwa macho, yule ni nani, nami nikamwambia alale. Kesho yake akauliza tena. Basi nikatoa barua zako zote za zamani nikamsomea, namfasiria neno kwa neno. Tulipofika pale pa "kama umekufa usijibu", alicheka. Hakuwa na sauti, lakini mashine ilipiga kelele mpaka Générose akaja mbio. Baada ya hapo kila jioni alitaka moja.

Atilio amefariki jana. Ni mapafu.

Sijakusamehe. Hilo liweke kichwani. Lakini siwezi kumfukia mtoto kama mbwa asiye na ukoo, na Toronto nzima mtani wangu ni wewe.

Tunazika Jumamosi. Hapa wanachimba kwa mashine, kuna uzio, kuna watu wa sheria. Utaingia hivyohivyo. Ulale kaburini uwazuie, uutukane ukoo wangu wote mbele ya padri mpaka wacheke au wakupige. Wakikupiga, tulia upigwe. Menas naye aje, asimame karibu nami, aone utani ni kitu gani. Atakayemgusa nitamvunja mimi.

Kuku nitaleta.

Na usipokuja, Mngoni, nitajua umekimbia tena.

Mtani wako,
Danstan